Robo

Nyumbani Magongo, robo ilikuwa sukari.
Mama alinituma dukani kwa Bamahriz,
sarafu ngumini, nirudi na pembe ya gazeti iliyokunjwa,
na ikipungua robo, nilirudishwa mbio.
Robo haikuwa kidogo.
Robo ilikuwa chai ya watu saba.

Sasa nina robo nyingine.
Ndege ya viti vinne mbele ya banda,
boneti yenye vifungo kumi na viwili,
na kila kimoja chataka robo mzunguko, basi.
Si nusu. Si kaza mpaka mkono uume.
Bisibisi iingie, isukume, igeuke,
na kule chini kusikoonekana
kitu kiseme: tak.

Fundi Mselem hakuwa mtu wa maneno mengi.
“Nyamvula, fumba macho. Hiki?”
Tak.
“Na hiki?”
Kimya, kimya chenye mchanga ndani.
“Basi hicho kinakudanganya.
Alama nyekundu imekutana na nyekundu,
lakini springi yake imechoka kama goti langu.”

Hapa kwetu chumvi haimngoji mpishi.
Usiku inatoka Port Reitz,
inapita chini ya mlango wa bati,
inalala ndani ya vikombe
ambavyo hata kidole changu cha mwisho hakiingii.
Masika moja tu, chuma cha bei rahisi
kinachuruzika kahawia juu ya boneti nyeupe,
kama hina ya bi harusi asiyetulia.

Kwa hivyo chagua chuma cha pua, na udai karatasi zake.
Urefu upime, usiukisie:
unene wa boneti, unene wa raba, unene wa bati la nyuma,
jumlisha, ndipo utafute namba kichwani mwa kifungo.
Mguu mfupi haufiki.
Mguu mrefu unafika, unacheza,
na kinachocheza kinakula tundu
mpaka duara linakuwa yai.

Haya yote niliyajua,
na bado Ijumaa ile, mwenye ndege akipiga simu mara ya nne,
kabatini namba nne imekwisha, namba tatu ipo,
nikaweka tatu.
Ikaingia. Ikageuka.
Sikuisikia ikisema neno.
Nikajiambia, ni jenereta ya jirani, ina kelele.

Kapteni Mwachiro alirudi hata Mtwapa hajafika.
Pembe ya boneti ilikuwa ikigonga, alisema,
kama mtu aliyefungiwa nje usiku.
Akavua miwani. Akaniomba maji.
Gilasi niliijaza mpaka ikamwagika.

Mselem hakunigombeza, na afadhali angegomba.
Alitandaza kitambaa, akavipanga vyote kumi na viwili,
akafungua daftari, akaandika “namba tatu, mahali pa nne”,
na chini yake akatia jina lake mwenyewe,
kwa kuwa ufunguo wa kabati
yeye ndiye aliyenipa.

Leo kabati nalishika mimi.
Kila saa hamsini za hewani nasugua vikombe kwa mswaki mkuukuu,
tone moja la mafuta, kisha napangusa,
maana mafuta mengi ni mkeka wa vumbi.
Bisibisi iliyolika ncha naitupa,
hata kama ni zawadi.
Tundu lililokuwa yai silibembelezi:
linatiwa pete mpya, au ndege inalala.

Mselem amestaafu yuko Miritini.
Miaka ya injini imemziba sikio la kulia,
la kushoto nalo linamfuata.
Hunipigia jioni, akapaza sauti:
“Ngapi?”
Kumi na viwili.
“Vimesema?”
Naisogeza simu kwenye boneti,
nageuza robo ya mwisho.

Najua hasikii.
Ananyamaza kadiri ya kusikia,
halafu ananiuliza bei ya sukari.