Karakana ya Muhanna, Barka

Alhamisi baada ya isha tunakutana kwa Muhanna,
fundi wa viyoyozi,
maana ndipo pahali pekee Barka
ambapo mwezi wa saba mtu anaweza kufikiri.
Tunakalia mitungi ya gesi,
chai ya karak inapoa kwenye vikombe vya karatasi,
na kila mmoja anasema kasoma nini.

Muhanna kasoma habari za roboti
aliyetumwa kuhesabu mchanga wa Rubul Khali.
Alipofika punje ya milioni na kitu
akaipenda ile moja, akaiweka kando,
hesabu ikampotea, akaanza upya.
"Kurasa mia nne," asema Muhanna, "na sikulala."
Hatujui kama anasifu au anashitaki.

Azzan, mtoto wa dada yake, miaka kumi na sita,
husomea kwenye simu na kuruka kurasa hadi vitani.
"Wameshinda," ndiyo tahakiki yake
kila wiki.

Thuwaiba yeye hacheki.
Ana zamu ya usiku wodi ya mahututi,
kitabu chake kimejaa vipande vya plasta
kila pahali alipogombana na mwandishi.
Mle wasafiri mia tatu wamelazwa kwenye barafu
miaka mia mbili, hadi nyota ya pili.
"Nani aliwageuza?" anauliza.
"Mgonjwa wangu nisipomgeuza kila baada ya saa mbili
mgongo unafunguka kama embe lililoiva.
Hawa wameamka, wamejinyoosha, wamebusiana!
Huyu bwana hajapata kuuguza mtu."
Akanyamaza. Kisha, kwa sauti ndogo:
"Lakini pale mashine inapoanza kuwaita
kwa majina yao ya utotoni,
na hakuna hata mmoja anayesikia,
pale nilipasoma mara tatu
kwenye ngazi za hospitali."

Mimi kazi yangu ni mtambo wa maji.
Nimesoma za Mirihi, watu wanauana kwa ndoo moja,
nikazisoma saa tisa za usiku
huku nyuma yangu bahari inasukumwa kwenye chujio,
chumvi inabisha hodi, haifunguliwi,
maji yanatoka upande wa pili hayana hata ladha.
Mji mzima unakunywa bahari
na hakuna anayeshangaa.
Nikafunga kitabu nikaenda kusoma geji.

Vitabu vinatujia kwa Kiarabu na Kiingereza,
tunavitafuna kwa Kiswahili,
na nyumbani mama anadai fungu lake kama zaka.
Juzi nilimsimulia kile cha chombo cha vizazi vinne:
waliopanda hawatafika,
watakaofika hawakupanda.
Bi Zawana akaacha kushona kofia.

"Na maji ya kuoshea maiti?"
Nikasema mwandishi hakutaja.
"Na hao wa katikati, wakisema lugha gani?"
Nikasema nayo hakutaja.
"Basi huyo safari haijui."

Akatunga uzi sindanoni, akashindwa, akanipa mimi.
"Babu yangu ndiye aliyepanda.
Miye nimezaliwa chomboni.
Mwaka sabini na mbili, ndege ya pangaboi,
watoto wawili na sufuria moja,
wakatwambia mnarudi kwenu.
N'rudi vipi, mwanangu, pahali sijapata kufika?
Nikateremka ngazi, joto likanipiga uso
kama nimefungua tanuri ya mkate.
Mtu akanisemesha kwa lugha ya babu yangu,
nikamjibu kwa lugha ya bibi yangu,
tukabaki tunatazamana."

Aliponiuliza kama mwisho wanafika
nikamwambia sijamaliza.
"Usimalize upesi," akasema.

Leo nimekuja karakanani na kitabu kile.
Nimekitia alama kwa uzi wake wa zambarau.
Muhanna kazima kompresa ili tusikilizane,
jasho limeanza, hakuna aliyelalamika.
Azzan kauliza kama walishinda.
Nimemwambia bado wanateremka ngazi.