Maji Yaliyofungiwa

Rusayl, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi.
Nje joto limeshaanza kuramba mabati;
ndani Sajeev anapangusa kalibu kwa kitambaa
kama anayepangusa uso wa mtoto aliyelala.

Bomba limekwishapindwa kiuno. Tunalilaza.
Kalibu ya juu inashuka, tani elfu mbili bila kishindo.
Pistoni zaja, moja huku, moja kule,
zaziba ncha zote mbili. Hapana pa kutokea.

Kisha maji.

Maji haya haya ya kusukutulia, ya kuloweka mchele,
yametiwa mafuta kidogo yakawa meupe kama tui la pili,
yanaingia, yanajaa, yanatafuta njia, hayaipati.
Geji inapanda: mia tano. Mia tisa. Elfu na mia sita.
Na chuma, ambacho nyundo ya Baba, fundi bodi wa Wete,
ilikipiga mchana kutwa kikakubali bonyeo moja tu,
kinavimba kimya, kinajaza pembe zote,
kinatoka ubavu wa fremu, ubavu wa pikapu
itakayobeba majani ya mbuzi njia ya Barka,
iruke tuta, isijue.

Mama haamini. Anapepeta mchele jikoni kwetu Mabela:
"Maji gani hayo yanayofinyanga chuma?"
Kitendawili, Mama.
"Tega."
Sina jino, nimekitafuna chuma.
Ungo unasimama. Anafikiri.
"Kutu," anasema.
Nacheka, kisha naona haya.
Kutu nayo ni maji, ila yenye subira.

Na si kila siku yanatii.
Jumanne ile namba nilizitia mimi.
Ukizisukuma ncha kupita kiasi, bomba hukunjamana
kama kanga iliyosahauliwa chini ya godoro.
Ukisukuma pungufu, ukuta unakonda,
unakonda,
na pale penye mshono

pwaa. Kofi moja tu juu ya maji.
Nilitazamia mlipuko; ulikuwa mdogo kuliko aibu yangu.
Geji ikaanguka sifuri. Tukafungua,
tukalikuta mdomo wazi, ufa wa urefu wa kidole,
kingo zimekonda kama karatasi ya sigara.
Niliupitisha ukucha hapo. Ulikwama.
Msimamizi akauliza nani. Nikasema mimi, Asila.
Sajeev hakusema kitu. Alichukua chaki,
akaandika ubavuni tarehe, akaandika baa,
na chini yake, kwa lugha niliyomfunza
wakati wa chai, herufi zimelala upande:
pole.

Nilikiomba kipande kile kabla hakijaenda chakavu.
Kipo jikoni, chaki yake haijafutika,
Mama haruhusu kipanguswe.
Ametia miiko yake humo.
Mrehani alijaribu, siku mbili.
Hakishiki maji.