Simba wa Kuazima

Miaka thelathini na mmoja nimeandika mabango ya Luksor:
duka la dawa, kinyozi, juisi ya miwa.
Rangi ilinijua. Kuta zilinijua.
Sasa nimeshika utete uliotafunwa ncha
na mkono unanitetemeka kama wa mtoto wa chuoni.

Mwalimu ni binti yangu, Lamis.
Kazi yake iko kwenye ghala la vigae, ng'ambo ya mto,
na jioni huniletea nakala za hati ya mkono,
si ndege wale wanaosimama wima katika kuta za makaburi,
bali ndugu zao wa siku za kazi,
walioandikwa na mtu mwenye njaa, jua likimchoma kisogo.

"Huyu ni bundi," asema.
Naona mkunjo tu, kama sikio.
"Bundi, baba. Aliyemchora hakuwa na wakati wa macho."
Maji yaliyokuwa na mawimbi yamelala, yamekuwa mstari.
Mtu aliyeketi amebaki goti na mgongo.

Jambo moja halikunishinda: kuanzia kulia.
Njia hiyo mkono wangu waijua hata gizani.
Mengine yote, wino mwekundu.
Zamani nilimchapa vidole kwa rula
kwa nukta aliyoisahau chini ya herufi be.
Sijasahau. Sidhani naye kasahau.
Hunisahihisha taratibu, hasemi kitu,
na upole wake wauma kuliko rula.

Jana kigae kilikuwa cha karani wa mahudhurio.
Nilikisoma peke yangu, tangu alasiri hadi taa kuwashwa:
*Siku ya nane. Hayupo. Binti yake mgonjwa.*
Basi. Karani akaenda kwenye jina lingine.
Mimi nikabaki na yule asiyekwenda kazini,
miaka elfu tatu na ushei,
kiganja chake juu ya paji la uso lenye moto.

Leo nimeomba kuandika jina la Lamis.
Akacheka. "Herufi yangu ya kwanza hawakuwa nayo.
Jina la mgeni likiwashinda, waliazima simba aliyelala."

Nikachovya.
Simba wangu katoka kama paka aliyekanyagwa na punda.

Lamis akachukua kalamu nyekundu,
akaitazama karatasi kitambo,
akairudishia kalamu kifuniko chake.