Mvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Haya, nimeinama. Nimelala kabisa,
mgongo juu ya boksi la sabuni nililolipasua,
uani kwetu Mtanda, saa moja na nusu asubuhi,
bati halijaanza kulia kwa jua.
Walioitunga methali hawakusema
mtu anatokaje mvunguni akiwa mzima.

Juu yangu pikapu, tani moja na ushei
ya chuma kilichobeba chumvi miaka tisa
kutoka mashamba ya Mitwero hadi Nachingwea.
Chumvi haisahau.
Imeingia kwenye bolti ya shokapu, nyuma kushoto,
namba kumi na saba,
ikaiozesha kwa nati yake
ndoa isiyojua talaka.

Jana Chande, mtoto wa dada, alitaka kuingia
gari likiwa juu ya jeki peke yake.
Nilimshika kifundo cha mguu, nikamvuta kama kuku.
"Mama mdogo, dakika mbili tu!"

Hausi naye aliomba dakika mbili,
kule Ng'apa, kando ya barabara, mvua inanyesha.
Jeki ikampa moja.
Mimi nikapewa miezi minne na siku kumi.

Kwa hiyo leo hakuna anayeharakishwa.
Handbreki juu, gia ya kwanza,
magurudumu ya mbele yamebanwa kwa mawe ya tumbawe,
stendi mbili za chuma chini ya chesisi,
jeki imebaki pale pale, kama shahidi tu,
na tairi la akiba nimelilaza ubavuni mwangu,
maana woga nao ni kifaa cha kazi.
Kabla sijaliamini gari nililisukuma kwa nyonga,
nikalisukuma kwa ubaya, kama nina deni nalo.
Halikutikisika.
Ndipo nikaingia.

Bolti haitishwi.
Nimeisugua kwa brashi ya waya, miwani usoni
(kutu ikidondoka, kwanza hutafuta jicho).
Tangu Ijumaa naipenyezea dizeli na oili,
kijiko asubuhi, kijiko jioni,
kama mgonjwa wa kifua.
Nimeigonga kichwani bila hasira,
ti, ti, ti,
mgeni anayebisha hodi nyumba yenye msiba.
Spana ni ya ringi. Ya mdomo wazi huteleza,
na midomo wazi ya mtaa huu naijua.

Kwanza nikakaza. Ndiyo, nikakaza,
unywele mmoja, ishtuke.
Kisha nikavuta, uso pembeni.
Kuvuta, si kusukuma:
anayesukuma, chuma kikiachia,
huipiga chesisi ngumi, na chesisi haiumwi.

Haikutaka.

Chande akaleta bomba la maji
ili turefushe mkono wa spana.
Nikasema hapana, nguvu nyingi huku chini
ni kulialika gari lije kulala nawe.
Akasema basi moto. Nikamwonyesha tangi,
shibiri mbili kutoka puani kwangu.
Akanyamaza.
Tukaiacha. Nikatoka, nikanawa kwa mchanga na sabuni,
tukala mihogo na dagaa, akanisimulia habari za mpira
ambazo sikuzisikiliza.
Nikaipa bolti kijiko kingine.

Saa nne na kitu nikarudi chini.
Nikakaza unywele. Nikavuta.

Kwaa!

Sauti ile. Sikuwapo Ng'apa,
lakini miaka hii yote nimekuwa nikiisikia.
Macho niliyafumba, mikono ikajikunja kifuani,
nikangoja uzito.
Kutu ikanimwagikia shingoni, laini, kama unga wa muhogo.
Nati ilikuwa imegeuka robo mzunguko.

"Mama mdogo?"
Miguu yake naiona, ndala za bluu, vidole vimekakamaa.
"Mama mdogo! Mama mdogo?"

"Nipo," nikasema.
"Nisogezee kopo la nati."