Safu ya Chanzo

Mpango wa zamani una jalada la kijani,
kona imeliwa na mende, na katikati
mwaka wa lengo umepigwa chapa kwa wino mzito.
Mwaka huo ulishapita. Nadhani nilikuwa likizo,
au nilikuwa kwenye foleni na madumu mawili
kama mkazi yeyote wa Kimara.

Nimepewa kazi ya kuuhuisha.
Ndilo neno lililo kwenye barua: kuhuisha,
kana kwamba kuna roho iliwahi kutoka.

Nikafungua ramani. Msumi wameandika: mikorosho.
Goba: mikorosho, na nyumba chache.
Chamazi, kidole changu kikapita juu ya karatasi tupu
ambako leo hata kaburi hutafutiwa upenyo.
Mto Ruvu umechorwa kwa buluu nono,
mto usio na mwezi wa Oktoba.

Mhandisi Rwegoshora anataka namba.
"Ngwilizi, niletee lita kwa kichwa kwa siku,
na kila namba iwe na chanzo chake."
Safu ya chanzo ipo upande wa kulia, nyembamba.

Basi nikapanda vilima na daftari.
Nikakuta mita zinazunguka kwa upepo mtupu,
koki zinakoroma usiku kucha bila tone,
na mwisho wa mwezi watu wanaulipia ule mkoromo.
Nikamkuta Kondo na mkokoteni, madumu kumi na mawili,
asiyejua presha nyingine ila ya magoti yake.
Nikakaribishwa chai ya maji ya kisima;
chumvi ikakata maziwa mbele ya macho yangu. Nikanywa.

Kwa Bi Sikudhani, jikoni, ukutani,
kuna vijistari vya mkaa.
Kijistari: yametoka. Pengo: hayakutoka.
Miaka kumi na mmoja, tangu ahamie Msumi,
ile ya mwanzo moshi umeshaimeza.
Akanisomea kama asomaye barua ya mwanawe:
"Hapa Ramadhani, siku tisa mfululizo, tukajua wamekosea.
Hapa wiki tano, kweupe.
Hapa mjukuu kazaliwa, tukanunua.
Hapa..." Akaruka.

Maji hayohayo huogwa, akaniambia, yakafua,
yakadeki, na yakishageuka rangi ya udongo
mchicha haujali.
Nikashika kalamu. Niandike lita ngapi,
ikiwa kila moja inafanya kazi mara nne?

Nikamrudisha pale aliporuka.
"Hapo ni mume wangu. Alfajiri, bomba kavu.
Kondo akaleta madumu sita, hela akakataa,
akasimama nje na mkokoteni wake
mpaka waoshaji wakamaliza."

Jedwali letu lina majumbani, shule, hospitali,
hoteli, viwanda, zimamoto, na yale yanayovuja njiani.
Nilipitisha kidole juu chini mara mbili.

"Huo mpango wenu unafika mwaka gani?"
Nikamtajia.
Akacheka hadi akashika kizingiti.
"Basi yangu ya mwisho yaandike humo mapema.
Na sita hayatoshi, mie mnene. Andika manane."

Ofisini Rwegoshora akashuka na kalamu, safu kwa safu,
akafika kwenye mwandiko wangu:
ukuta wa jiko, kwa Sikudhani Mtoro, Msumi.
"Ukuta," akasema.
"Ndiyo, mhandisi."
"Una tarehe?"
"Una Ramadhani. Una mazishi."

Akafungua droo, akatoa kifutio,
akakiviringisha mezani kwa kidole kimoja.
Kiyoyozi kikadondosha tone kwenye ndoo ya mhudumu.
Akakirudisha kifutio ndani.
"Kaupige picha, basi, kabla hajapaka chokaa."

Nimetoka saa tisa. Ni Alhamisi,
zamu ya mtaa wetu, wanasema,
na asubuhi nilisahau kuiacha koki wazi.