Diski Iliyokwama

Probox ya Lutandula imekuja inanuka dagaa,
na kinywani mwa redio yake kuna diski haitoki.
"Ing'oe," ananiambia, "kwaya yangu iko kwenye flashi,
nimechoka kufokewa na watu wasionidai."
Anaacha elfu kumi juu ya boneti, anashuka Mwaloni.

Gari likiwashwa linakusalimia Kijapani:
mwanamke mpole, sauti ya nesi wa zamu ya usiku.
Kisha kimya.
Kisha watu watatu wanaangusha kabati la vyombo ngazini.

Nasema watatu kwa sababu nimewahesabu.
Mmoja anapiga ngoma kama anayedai kodi ya miezi sita.
Mmoja gitaa lake limefungwa nyuzi za seng'enge.
Wa tatu, mwanamke, sijui anaimba, anauza kitu,
au anamwita mtoto aliyekwisha vuka barabara.
Dakika ya pili ni roki.
Dakika ya tatu ni harusi iliyotumbukia kisimani.
Ya nne wananong'ona. Nikaegemea spika nisikie,
wakanipasua sikio.

Nkwabi, tunayepanga naye kibanda hapa Mabatini,
anasema diski imekwaruzika, basi.
Nikaitoa kwa bisibisi mbili na subira,
nikaifuta kwa upindo wa kanga, nikaielekeza juani:
safi kama jicho la samaki wa alfajiri.
Kelele ni yao. Wameipanga.

Shuleni tulihesabu mizani kwa vidole.
Nikaona niwapime na wao:

Ngoma yaja kwa mikiki, gitaa lalia njaa,
Mara hii ni muziki, mara ni gari kukwaa,
Kibwagizo hakishiki, mshororo wakataa,
Nahesabu na sifiki —

hapo wakaongeza tarumbeta.

Nikawakumbuka Bagika na Bagalu, Kisesa, mwezi wa sita:
ngoma hizi huku, ngoma zile kule,
zinapigwa kwa pamoja, makusudi,
kila kundi likitaka kumnyang'anya mwenzake watazamaji.
Ukisimama katikati, kwenye vumbi,
husikii wimbo.
Unasikia unavyogombaniwa.

Neno lao hata moja silijui.
Mahali fulani mwanamke anasema *moshi, moshi,*
nikageuka haraka kutazama injini.
Na kwenye karatasi za gari, mwenye gari wa kwanza:
Sato.
Nkwabi alicheka mpaka akakalia tairi.
"Mtu mzima anaitwa Sato! Huku angekuja
tungemuuliza, wa kukaanga au wa nazi?"
Mimi sikucheka sana. Nilikuwa namwona huyo Sato
asubuhi, foleni, shati limepigwa pasi,
vioo vimepandishwa juu kabisa,
na ndani, kabati la vyombo linaanguka, linaanguka.
Akauza gari. Diski akaisahau.
Au hakuisahau.

Saa kumi Lutandula akarudi na harufu yake.
"Imetoka?"
"Imetoka."
Akachomeka flashi. Sauti nne zikapanda,
zimenyooka kama sare za Jumatatu.
Nzuri. Kweli nzuri.
Nikabaki nangoja mtu aanguke.

Usiku, Igogo, kwangu juu ya mawe.
Wadudu wa ziwani wameifunika taa, ukuta umekuwa mweusi,
mvua inaanza kwenye bati la jirani kabla ya langu.
Nimeiweka diski kwenye deki ya mteja ambaye hajalipa.
Wimbo wa sita, au ni wa tano bado haujaisha,
Mama Ng'washi akagonga ukuta.
Mara tatu. Kimya. Mara moja.
Sikupunguza.
Sikuwa na hakika kama ni yeye
au ni wao.