Sentimita Ishirini na Mbili

Mwezi wa nne sikuwa nimewahi kuufikia.
Ile mimba ya kwanza ilinitoka wiki ya kumi na moja,
mvua ikinyesha Tukuyu kama kawaida yake,
na kesho yake nilishona sketi sita za wanafunzi
kwa sababu shule haijui.

Kwa hiyo safari hii niliingia kwa ncha za vidole,
kama mtu aingiaye nyumba ambayo mwenyewe hajamkaribisha.

Kichefuchefu kikaondoka bila kuaga.
Asubuhi moja Subilaga, mwenye genge mkabala na kibanda changu,
alikaanga dagaa, nami nikavuka barabara kuwafuata.
Nikala dagaa, nikala ndizi za kuchemsha na maharage,
nikala maparachichi mawili kwa kijiko, nimesimama.
Njaa ile ilinitisha kuliko kutapika.

Tukuyu ni mji mzuri wa kufichia mimba.
Kuna sweta, kuna kitenge juu ya sweta, kuna koti juu ya kitenge,
kuna ukungu juu ya vyote.
"Baridi imekupenda, fundi, umenawiri," wateja walisema.
Nilikubali. Baridi imenipenda.

Usiku nafumua gauni langu mwenyewe,
mshono wa ubavuni, kidogo kidogo,
natumia ile akiba niliyoiacha nilipolishona
bila kujua namwachia nani.

Hakuna aliyeniambia kuhusu mstari.
Kutoka kitovuni kushuka chini, mweusi, umenyooka,
kana kwamba nimepigwa chaki nikiwa usingizini.
Nilimwonyesha Gwakisa kwa mwanga wa simu.
Akaufuata kwa kidole. "Hapa ndipo watakapokata?"
Tukacheka, halafu tukanyamaza.

Kuna na mengine, ya kawaida, nesi kasema:
pua kuziba, kiungulia nikilala chali,
vidonge vya damu vinavyogeuza choo kuwa rangi ya mkaa,
na mguu wa kulia, huu wa pedeli,
unaokaza misuli saa nane za usiku
mpaka Gwakisa aamke auvute kama anayeng'oa kisiki.
Na ulimi unaotaka udongo.
Mvua ikigonga ukuta wa tofali mbichi, nameza mate.

Kisha ile Jumatano.
Nilikuwa kwenye pindo la pazia,
mshono mrefu, mnyoofu, cherehani ikinguruma,
na tumboni kitu kikatetema.
Nikasema ni mashine.
Nikainua mguu. Gurudumu likapunguza, likasimama.
Kitu hakikusimama.

Nilikaa pale sijui muda gani,
mkono juu ya sweta, sindano imezama kwenye kitambaa.
Subilaga akaniita mara mbili. Sikuitika.
Sikutaka kumkatisha mtu kauli.

Kliniki, Nesi Tupokigwe akanilaza, akanipima kwa futi
toka mfupa wa kinena mpaka kilele cha tumbo.
"Ishirini na tatu."
Nikainua kichwa. "Nesi, futi yako imekatika mwanzoni.
Inaanzia kwenye moja. Toa moja."
Akaitazama. Akanitazama. Akacheka mpaka wa foleni wakachungulia,
akaandika kwenye kadi: 22.
Wiki ishirini na mbili, sentimita ishirini na mbili.
Miaka kumi na mitatu napima viuno vya watu;
hakuna kipimo kilichowahi kunikaa hivyo.

Halafu akaweka ile faneli yake, sikio upande wa pili,
akafumba macho. Nikauliza anasikia nini.
"Anakimbia," akasema.
Naujua mwendo ule.
Ni cherehani ambayo bado haijawekewa kitambaa.

Jana Mama Anyosisye kaleta vitambaa vya kwaya,
magauni kumi na manne, anayataka katikati ya Agosti.
Nilishika kalamu. Nje mvua, ndani mvua,
bati linavuja palepale.
"Agosti sipokei kazi," nikasema.
"Kwa nini?"

Nikavua koti.